Lundo la Pili

Kila asubuhi Scolastika aliamshwa na karasha. Mashine hizo za kusagia mawe ya dhahabu zilinguruma usiku kucha ng'ambo ya korongo, na kulipokucha zilikuwa bado zinanguruma, hata jogoo wa kwao aliwika bila mtu kumsikia. Alinawa uso, akambeba mdogo wake Salome mgongoni, akaenda kisimani na ndoo. Aliporudi alifagia uwanja, akakusanya majani na maganda pembeni, akayawasha moto. Ndivyo mama yake alivyofundishwa na mama yake: takataka ni za kuchoma. Kisha alivaa sare, akanywa uji kama upo, akakimbia shuleni. Alikuwa darasa la sita katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya Rwamgasa.

Mwezi ule wa sita, uji ulianza kukosekana. Walikuwa wametoka kuvuna, na watu wanapotoka kuvuna wanatakiwa washibe. Lakini kihenge chao, ghala lile la fito na udongo lililosimama nyuma ya nyumba, kilikuwa na mahindi sakafuni tu. Mahindi yenyewe yalikuwa mafupi kama kidole gumba, punje hapa na pengo pale, kama meno ya mzee.

Wapo watu wa mjini wanaosema wakulima wa huku ni wavivu. Waongo. Pantaleo, baba yake Scolastika, alilima mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Kilichochoka ni shamba, na shamba halikuchoka lenyewe. Babu yao alilimishwa pamba humo, mwaka nenda mwaka rudi. Akaamriwa kwamba baada ya kuvuna ang'oe mabua ya pamba na kuyachoma yote, ili wadudu wafe, na asiyechoma alitozwa faini. Pamba ikapakiwa, ikaondoka, ikawavika watu asiowajua. Majivu yakapeperushwa na upepo. Watu wakaizoea ile amri mpaka wakaanza kuchoma na mabua ya mahindi, ambayo hakuna aliyewaamuru kuyachoma. Kila mwaka ardhi ilitoa, na kila mwaka haikurudishiwa kitu. Mwisho kikaingia kiduha, gugu lile lenye maua mazuri ya zambarau ambalo hunyonya mizizi ya mahindi chini kwa chini, nalo hupenda udongo wenye njaa. Siku hizi wanapita wataalamu na magari yao, wanashuka, wanapiga teke bonge la udongo, wanasema, "Ardhi yenu imechoka." Nani aliichosha? Hapo hawasemi, wanapanda gari.

Siku moja Scolastika alirudi kutoka shule akamkuta Masudi amekaa uwanjani kwao. Masudi alikuwa mkuu wa kundi la wachimbaji. Watu wake walichimba maduara, yale mashimo marefu ya kutafutia dhahabu, na alivaa buti za mpira hata wakati wa kiangazi.

"Shikamoo," alisema Scolastika.

"Marahaba, binti. Umekua! Mwambie baba yako aache ubishi." Masudi alimgeukia Pantaleo huku akicheka, akamwita kwa jina la mwanawe mkubwa. "Baba Luka, kwani wewe unalima nini pale? Unalima mawe. Mimi hayo mawe ndiyo nayataka. Niachie shamba nichimbe, mgao wako utakuja hapa hapa uwanjani, umekaa kivulini."

"Na sisi tutakula wapi?" aliuliza Mariana, mama yake Scolastika, akiwa anapepeta mahindi ambayo pumba zake zilikuwa nyingi kuliko punje.

"Mama Luka, dhahabu inanunua unga."

"Eustace naye ulimwambia hivyo hivyo."

Masudi akakohoa. Eustace alikuwa jirani yao. Aliwapa wachimbaji shamba lake, wakalichimba, wakapata kidogo, wakahama. Walimwachia mashimo matupu na vifusi vyeupe ambavyo hata nyasi hazioti. Ndama wake alitumbukia mle, akalia siku nzima. Sasa Eustace alikuwa akilima vibarua kwenye mashamba ya wenzake.

"Eustace hakuwa na bahati," alisema Masudi.

"Eustace hana shamba," alijibu Mariana.

Pantaleo alikuwa ameinamisha kichwa. Aliposema, alisema polepole. "Mama Luka, tazama kihenge. Tutafika nacho wapi? Nakupa msimu mmoja. Tukivuna tena kama tulivyovuna mwaka huu, basi shamba limekufa, na aliyekufa hazuiwi kuchimbiwa shimo. Masudi ataingia."

"Nitasubiri," alisema Masudi akijipangusa vumbi. "Mawe hayaozi."

Scolastika aligeuka akalitazama shamba lote mpaka korongoni. Alikuwa amezaliwa kwenye lile shamba. Jioni ile, wakati anamsaidia mama yake kuchambua mchicha, alimweleza jambo ambalo Mwalimu Martina alikuwa amewafundisha. Nyuma ya madarasa walikuwa na lundo la mboji. Walipanga mabua yaliyokatwakatwa, majani mabichi, samadi, udongo kidogo, tena mabua, wakimwagia maji kila tabaka na kulifunika kwa nyasi. Lundo lilipata moto ndani lenyewe bila kiberiti, likaoza, likawa udongo mweusi unaonukia kama msitu baada ya mvua. Mahindi ya bustani ya shule yalikuwa yanampita Mwalimu Mkuu kwa urefu.

"Mwalimu Mkuu ni mfupi," alisema Mariana.

"Mama!"

"Haya. Endelea, ng'wanawane, mwanangu. Samadi kiasi gani?"

Pantaleo aliposikia alicheka kicheko kikavu. "Takataka! Watoto wa Pantaleo sasa watalishwa takataka." Lakini hakuwazuia.

Lundo la kwanza walilipanga kwenye kivuli cha mnyaa, karibu na jiko. Lilikuwa dogo, kwa sababu mabua mengi yalikuwa yameshachomwa. Samadi waliomba kwenye zizi la jirani, maji walitumia ya kisimani yaliyobaki baada ya kuoshea mboga. Scolastika alichomeka kijiti katikati, kama mwalimu alivyowafundisha. Kila baada ya siku chache alikichomoa na kukishika: kikiwa cha moto na chenye unyevu, lundo linafanya kazi. Kilikuwa cha moto. Wapita njia walisimama kutazama.

"Mama Luka, umemzika nani hapo?" aliuliza mmoja.

"Nimeizika njaa," alijibu Mariana. "Usikanyage kaburi."

Mwalimu Martina alikuja kulitazama akasema limeiva vizuri, ila litatosha sehemu ya juu ya shamba tu. Maneno hayo yalimkaa Scolastika kichwani. Sehemu ya juu haijazi kihenge. Kwa hiyo akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiomba mabua kabla watu hawajayatia moto. Wengine walimpa. Wengine walimcheka wakampa. Akapanga lundo la pili, kubwa kuliko la kwanza mara kadhaa, kwenye ukingo wa shamba upande wa korongo.

Tatizo likawa maji. Kiangazi kilikuwa kimekaza na kisima kimeshuka, watu wanapanga foleni ya ndoo tangu alfajiri, na Mariana alisema wazi, "Maji ya kunywa kwanza. Lundo litasubiri." Lakini lundo halikusubiri, lilikauka, na kisima kingine kilikuwa mbali, si mwendo wa mtoto na ndoo. Kijiti kilitoka kimepoa, kina vumbi. Siku zilikuwa zinakwenda na mvua za kupandia zilikuwa zinakaribia.

Njiani kutoka shule Scolastika alipita kila siku kando ya mwalo. Mwalo ni mahali ambapo unga wa mawe uliosagwa na karasha huoshwa ili kuitafuta dhahabu. Palikuwa na bwawa la maji hapo, maji tele, rangi ya chai ya maziwa, na ukingoni matope laini kama uji wa ulezi. Hakukuwa na uzio, kibao wala mlinzi. Mwenye mwalo alikaa mjini, akija alikuja kuchukua chake na kuondoka. Mbuzi walikunywa pale. Scolastika alisimama akatazama maji yote yale yaliyolala bure, akawaza kisima chao. Kesho yake alikuja na ndoo. Akachota maji, na kwa kuwa matope yalionekana yana rutuba, akachota na matope.

Siku ya tatu mama yake alimuuliza, "Maji haya unayatoa wapi?"

"Kule chini," alisema Scolastika.

Alijiambia kwamba hakudanganya, kwa maana mwalo kweli uko kule chini. Lakini alikumbuka jinsi walivyokatazwa tangu wadogo kuchezea mwalo, na akaharakisha kuondoka kabla hajaulizwa swali la pili.

Lundo likapata moto. Likapata moto mpaka asubuhi likawa linatoa mvuke, na watu waliocheka wakaanza kuuliza namna ya kulipanga. Mariana alirudi kuimba wakati wa kutwanga, jambo ambalo nyumba ile ilikuwa imelisahau. Hata Pantaleo alikuja jioni moja, akazamisha mkono ndani ya lundo, akautoa, akautazama.

"Huyu mtoto," alisema, na hakusema zaidi. Kwa Pantaleo hizo zilikuwa sifa nyingi. Scolastika alitembea siku mbili kama aliyepewa zawadi.

Siku ya kulipindua lundo lile, Jumamosi, kaka yake Luka alikuwepo nyumbani. Luka alimaliza darasa la saba akakosa nafasi ya kuendelea, akaenda kufanya kazi mwalo. Kazi yake ilikuwa kuchanganya unga wa mawe na zebaki, yale madini mazito yanayong'aa na kumiminika kama maji, ambayo hunasa chembe za dhahabu. Alichanganya kwa mikono mitupu ndani ya beseni, kisha akaichoma kwenye moto mpaka zebaki ikaruka moshi na dhahabu ikabaki. Siku hizi akishika kikombe chai ilicheza, na alisema ni uchovu.

Alikuwa anamsaidia dada yake kupindua alipoacha kupindua ghafla. Kwenye ncha ya jembe lake kilikuwa kimeteleza kitone kidogo, cheupe, kinachong'aa kama jicho la samaki. Kikabingirika, kikaanguka, kikapasuka vitone viwili.

"Scola, matope haya umeyatoa wapi?"

Scolastika aligeuza uso akatazama korongo.

"Mwalo?"

Akaitikia kwa kichwa.

Luka alitazama huku na huku. Mama yao alikuwa mbali kidogo anachuma kisamvu. "Umeweka zebaki humu, wewe. Haya, sikiliza. Usiseme."

"Mwalimu alisema zebaki ni sumu."

"Mimi naishika kila siku, nimekufa? Ukisema, mama atalitupa lundo lote. Lundo likitupwa, shamba ni la Masudi. Unataka hivyo? Funika, nyamaza. Mahindi hayana macho."

Jambo baya ni kwamba hakusema kwa ukatili. Alikuwa anaitetea nyumba yao. Mtoto ambaye amefundishwa na maisha kwamba sumu ni kazi na njaa ni uvivu, utamlaumu kiasi gani? Wa kulaumiwa walikuwa mjini, wamekunja nne.

Scolastika alichukua jembe akaanza kufunika. Alifunika huku anahesabu kichwani: lundo hili, sehemu ya chini ya shamba, kihenge, Masudi. Kila akihesabu jibu lilikuwa moja, anyamaze. Ndipo akasikia mtu anatafuna. Salome alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa lundo. Mdomo wake ulikuwa mweusi na ngumi imejaa udongo, anatafuna kama watoto wadogo wanavyotafuna udongo wa kichuguu, huku anacheka.

Scolastika alitupa jembe. Alimnyakua mtoto, akamwingiza kidole mdomoni, akamkung'uta, na huku akapiga kelele, "Mama! Mama, si maji ya kisima! Nilichota mwalo! Mama, lundo lina zebaki!"

Kisamvu kilimwagika. Mariana alikuja mbio, akamchukua Salome, akamsukutua kwa maji mara nyingi mpaka mtoto akalia. Hakumpiga Scolastika, wala hakumtazama. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda zahanati kwa miguu juani.

Muuguzi alisema amefanya vema kumsafisha mapema, akamtazama Salome macho na ulimi, akasema warudi wakiona anatetemeka au anadhoofika. "Kipimo cha zebaki hatuna hapa, mama. Wenye nacho wako hospitali kubwa." Fikirini hilo. Mahali ambapo zebaki huuzwa vibandani kama chumvi, hakuna kipimo cha kuonyesha imemwingia nani. Mariana alirudi nyumbani na kile alichoondoka nacho, hofu.

Jioni Mwalimu Martina alikuja, maana Scolastika alimwendea mwenyewe na kumweleza yote, hata lile neno lake la "kule chini". Wote walikuwa wamesimama kando ya lundo lile kubwa. Lilikuwa linatoa mvuke wake kama kawaida, kana kwamba halijui.

"Tulichome basi liishe," alisema Luka.

"Usithubutu!" Mwalimu alimkatiza. "Kuchoma ndiyo hatari kuliko zote. Zebaki ikipata moto inaruka na moshi, na moshi unaingia mapafuni mwenu na kwa majirani. Hakuna mtu anayeiona. Vitu vingine vyote humu vinaoza na kuwa chakula cha mimea. Zebaki haiozi. Ukiimwaga shambani leo, itakuwa shambani wajukuu wenu wakilima. Inaharibu mishipa ya fahamu, na watoto ndio inaowaumiza zaidi. Mikono inaanza kutetemeka..."

Hakumaliza. Luka alikuwa ameingiza mikono yake mifukoni.

Bwana afya alipigiwa simu, akasema atakuja, hakuja, akapigiwa tena. Alipokuja aliagiza wafunge mikono kwa mifuko ya nailoni, walipakie lundo kwenye viroba na kulirudisha kwenye rundo la marudio, yale mabaki ya mawe huko huko mwalo, mbali na kisima. Akaagiza wakwangue na udongo wa chini yake. Mwenye mwalo alitakiwa aweke uzio. Mpaka ninapoandika, nguzo zimesimama na uzio haujafika.

Pantaleo ndiye aliyebeba viroba. Alibeba kimya, kiroba baada ya kiroba, na Masudi aliyekuwa kwenye duara la jirani alimpungia mkono.

"Baba Luka! Naona mmeanza kunihamishia shamba langu mapema!"

Pantaleo alikiweka kiroba vizuri begani, akaendelea. Scolastika, aliyekuwa anafuata nyuma na koleo, alitamani baba yake amgombeze, amchape, aseme chochote. Kimya kile kilikuwa kizito kuliko kiroba.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Mariana alitumia lundo dogo, lile safi. Hakulitawanya. Alichimba mashimo kwenye matuta ya sehemu ya juu, akatia konzi ya mboji kila shimo, kisha mbegu, kisha udongo. Scolastika alimfuata akipimia mboji kama mtu anayegawa dawa. Sehemu ya chini Pantaleo alipanda kama alivyopanda siku zote.

Kisha mvua zikakatika. Mnajua jinsi inavyokuwa: wingu linakuja, linatanda, watu wanaanua nguo, wingu linaondoka. Majani ya sehemu ya chini yakajikunja kama sigara, yakawa njano, na maua ya zambarau ya kiduha yakachomoza chini yake. Scolastika aliacha kwenda upande ule. Lakini sehemu ya juu udongo ukiuchimbua kwa kidole ulikuwa bado na unyevu, kwa sababu mboji hushika maji kama kitambaa. Majani yalisinyaa mchana, jioni yakainuka. Kiduha kilitokea, lakini kichache, wakakiwahi kuking'oa kabla hakijatoa mbegu. Mvua iliporudi, iliikuta sehemu ya juu bado hai.

Mwezi wa pili walivuna. Sehemu ya chini, kipande kikubwa, ilitoa vikapu vichache vya mahindi yenye mapengo. Sehemu ya juu ilitoa mahindi yaliyojaa punje mpaka nchani, Pantaleo akawa analigeuza moja mkononi kama mtu aliyeokota kitu ambacho hajui ni cha nani. Kihenge kilifika nusu.

Masudi alikuja siku ile ile. Alichungulia ndani ya kihenge bila kukaribishwa. "Nusu," alisema. "Mwezi wa tano mtakuwa mnaazima unga. Vijana wangu wako tayari, Baba Luka."

"Twende shambani," alisema Pantaleo.

Scolastika aliwafuata. Pantaleo alisimama mahali ambapo sehemu ya juu inakutana na ya chini. Mstari ulionekana wazi: upande mmoja mabua manene kama fimbo ya mchungaji, upande wa pili vijiti.

"Mvua ni ile ile," alisema Pantaleo. "Mbegu ni ile ile, jembe ni hili hili, mgongo ni huu huu. Nilikuambia tukivuna kama mwaka jana, shamba limekufa. Sasa wewe una macho. Hapa pamekufa?"

"Kipande tu hiki."

"Kipande kilichopewa chakula. Huku kwingine hakukupewa, ndiyo maana kumenuna. Shamba halikufa, Masudi. Lilikuwa na njaa, kama sisi."

"Utalima takataka mpaka lini?"

"Nenda salama."

Masudi alicheka, akatema mate pembeni, akaenda zake. Hakukasirika sana. Wenye njaa ni wengi, na alijua mlango wa pili wa kubisha.

Jioni walikula ugali wa mahindi mapya. Ilipasa kuwa sikukuu, ila Luka alikuwa ndiyo kwanza anatoka mwalo. Alikuwa ameacha nguo zake za kazi nje kama mwalimu alivyomshauri, na bado tonge lilitetemeka kati ya vidole vyake. Mama yake alimwomba aache kazi ile. "Nikiacha, mwezi wa tano tutakula nini?" aliuliza, akamega tonge jingine. Salome alikula vizuri. Mariana alimtazama kila tonge, kama alivyomtazama kila siku tangu ile Jumamosi.

Scolastika hakula sana. "Baba," alisema, "nisamehe. Ningechota maji safi kisima cha mbali, kihenge kingejaa."

Pantaleo aliosha mikono kwanza, kisha akamgeukia.

"Ni kweli, kingejaa. Na ungenyamaza, kingejaa vile vile. Hilo umeliwaza? Tungetia lundo lile lote, mahindi yangesimama, watu wangekusifu, mimi mwenyewe ningekusifu. Tungekula. Salome angekula. Tungekula sumu mwaka huu na mwaka kesho, na hakuna ambaye angejua kwa nini mtoto hatulii mikono. Mimi nilikaa kimya wakati ule nikibeba viroba, ukadhani nina hasira na wewe. Nilikuwa najiuliza, mimi ningesema? Mtu mzima mwenye njaa, ningesema? Sijui. Wewe ulisema."

Ng'ambo ya korongo karasha zilikuwa zinanguruma.

"Kuhusu shamba, wazee wetu walilazimishwa kulinyang'anya. Sisi hakuna aliyetulazimisha, tuliendelea tu, halafu tukaliita limekufa. Ardhi inataka kurudishiwa, na inataka kurudishiwa kitu safi. Kazi hiyo si ya msimu mmoja na si ya mtoto peke yake. Ulihangaika na ndoo peke yako na mimi nimekaa nacheka takataka. Kosa lako umeshalisema. Hilo ndilo langu."

Asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri, Scolastika alisikia mlango. Alichungulia. Baba yake alikuwa amefunga madumu mawili kwenye baiskeli, anaisukuma kuelekea kisima cha mbali, upande usio wa mwalo.